Je, maziwa yakichemshwa hupoteza nguvu?



Baada ya kikao cha WAWATA cha hivi karibuni mama mmoja kijana alinisubiri nje ya ukumbi wa parokia. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, wa umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. "Shikamoo Sista," aliniambia. (Watu hutuita Sista wauguzi wote, hata sisi tulio na wajukuu. Nimekwisha kuzoea.) Nilipomwitikia, alitazama kwanza nyuma yake kama kuna mtu anayesikia, kisha akasema: "Mama mkwe wangu anasema maziwa yakichemka hubaki maji meupe tu. Kila asubuhi anamkamulia mtoto kikombe na kumnywesha palepale, yakiwa na joto la kiwele. Mimi nimefundishwa kliniki nichemshe. Lakini ng'ombe ni wake, boma ni lake, na mimi sina hata miaka mitatu pale. Nifanyeje?"

Sikumjibu kwa haraka, na ninaomba nisimjibu kwa haraka hapa pia. Bibi yule hampi mjukuu maziwa kwa ubaya, anampa kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo. Isitoshe, hajakosea yote. Ni kweli kwamba moto huondoa kitu fulani katika maziwa. Basi tufanye kama tufanyavyo sokoni: tuweke upande mmoja wa mizani kile kinachotoka katika sufuria, na upande wa pili kile kinachobaki ndani tusipochemsha. Halafu tuangalie upande gani ni mzito.

TUNATAFUTA NINI KATIKA MAZIWA?

Kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe, yaani robo lita, kina protini yapata gramu 8. Protini ndiyo inayojenga mwili wa mtoto, misuli yake, damu yake na akili yake. Kikombe hicho kina madini ya chokaa karibu miligramu 300, ambayo ni ya mifupa na meno. Kina pia mafuta na sukari ya maziwa vinavyotia nguvu, vitamini A, na vitamini za kundi B, hasa B2 na B12. Vitamini B12 haipatikani katika mahindi, ndizi wala maharage; hutoka kwa vyakula vya wanyama. Kwa hiyo mtoto wa familia inayokula nyama mara moja moja tu anaipata zaidi katika maziwa.

Sasa tuweke sufuria jikoni. Madini ya chokaa hayaungui wala hayapai na mvuke. Yalikuwemo, na bado yamo. Mafuta yamo. Sukari yake imo. Protini imo yote. Ni kweli kwamba sehemu ya protini hubadilika umbo kwa joto, kama ute wa yai unavyobadilika ukikaangwa, lakini hakuna anayesema yai la kukaanga limepoteza nguvu. Tumbo huivunja protini hiyo vilevile. Vitamini A hustahimili moto wa namna hii, na B2 pia. Adui wa B2 ni jua. Maziwa yanayouzwa barabarani katika chupa nyeupe, yakikaa juani tangu asubuhi, hupoteza B2 yakiwa mabichi bila kuguswa na moto.

Vinavyopungua ni vitamini C, sehemu ya vitamini B1, na sehemu ya B12 na foliki. Maziwa yakipashwa moto kiwandani kwa muda mfupi, upungufu ni mdogo. Yakichemshwa nyumbani upungufu ni mkubwa zaidi kidogo, na yakiachwa yatokote nusu saa nzima, unakuwa mkubwa kweli. Wapo akina mama wanaofanya hivyo wakidhani ndio usafi. Si lazima, na nitaeleza jinsi ya kuchemsha.

Lakini tazameni ukubwa wa hasara yenyewe. Kikombe kile cha robo lita, kikiwa kibichi kabisa, kina vitamini C miligramu chache tu. Chungwa moja lina zaidi ya miligramu 50, na pera lina zaidi ya chungwa. Hatumpi mtoto maziwa ili apate vitamini C. Mwenye kutafuta hiyo aende kwenye mti wa mapera nyuma ya nyumba.

Nisiwafiche kwamba jambo hili liliwahi kuleta shida. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Ulaya na Marekani, baadhi ya watoto wachanga walilelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa moto, bila titi la mama na bila tunda lolote. Baadhi yao walipata kiseyeye, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini C: ufizi hutoka damu, mifupa huuma. Tiba ilikuwa vijiko vichache vya maji ya chungwa. Waliokataa kuchemsha maziwa waliitumia hoja hiyo kwa miaka mingi. Ni hoja ya kweli kwa mtoto asiyelishwa kitu kingine chochote. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili anayenyonya, na kula mboga na matunda, haimhusu.

KINACHOBAKI MAZIWA YASIPOCHEMSHWA

Nikiwa muuguzi kijana, kabla ya vipimo vya haraka vya malaria tunavyovitumia siku hizi, tulimpokea mchungaji wa ng'ombe mwenye umri wa miaka thelathini hivi. Alikuwa na homa inayopanda jioni na kushuka alfajiri, jasho la kulowesha shuka, na maumivu ya kiuno na magoti. Tulimpa dawa ya malaria. Akapata nafuu, akaenda. Baada ya majuma matatu akarudi, tukampa dawa ya malaria tena. Alirudi mara nne. Mara ya tatu tulimwandikia homa ya matumbo, tukabadilisha vidonge. Mara ya nne alikuja akitembea kama mzee, na korodani moja imevimba. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimchoma sindano, wala sikumwuliza hata mara moja anakunywa nini kule machungani. Daktari aliyekuwa mgeni kituoni ndiye aliyemwuliza. Akajibu bila kusita: maziwa, kila asubuhi na kila jioni, kutoka kwenye kiwele. Ng'ombe wangapi walitupa mimba mwaka ule? Watatu. Na mke wake? Mke wake alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili.

Ugonjwa huo unaitwa brusela. Kwa ng'ombe huonekana zaidi kwa kutupa mimba, mara nyingi katika miezi ya mwisho, na kondo la nyuma kukwama. Kwa binadamu hujificha ndani ya homa. Huja na kuondoka, huingia katika viungo, uti wa mgongo na korodani, na mara chache huingia moyoni. Kwa mama mjamzito huweza kuharibu mimba. Vijidudu vyake hukaa ndani ya chembe za mwili mahali dawa hazifiki upesi, na kwa sababu hiyo matibabu huwa ya dawa mbili kwa pamoja kwa majuma 6. Anayekatiza baada ya juma moja kwa kuona homa imeshuka hujikuta amerudi mahali pa kuanzia. Yule mchungaji alipona, lakini ilichukua muda mrefu, na hakuweza kuinama vizuri tena.

Jina la ugonjwa linatokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 1887 aligundua kijidudu chake katika kisiwa cha Malta, kwenye miili ya askari waliokufa kwa homa isiyoeleweka. (Ndiye huyo huyo aliyefika Uganda mwaka 1903 kwa utafiti wa malale.) Bruce alikipata kijidudu, lakini kwa miaka 18 hakuna aliyejua kinatoka wapi. Walishuku maji, walishuku hewa, walishuku mbu. Mwaka 1905 daktari mzaliwa wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa kisiwa. Mbuzi hao walipitishwa barabarani nyumba hadi nyumba na kukamuliwa mlangoni kwa mteja, maziwa mapya kabisa. Walikuwa wanene, wanakula vizuri, hawana dalili yoyote, kumbe wengi walikuwa na vijidudu. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikakaribia kwisha kambini. Raia wa kisiwa hawakukatazwa, wakaendelea kuugua kwa miaka mingi.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu ya neno ninalolisikia kila wiki: "Sista, ng'ombe wetu ni mzima." Mbuzi wa Malta nao walionekana wazima.

Tena msidhani hayo ni ya visiwani na ya zamani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mjini Moshi. Wagonjwa 528 walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Vipimo vya makini vilipomalizika, wale ambao homa yao ilisababishwa na malaria kweli walikuwa 14. Miongoni mwa wagonjwa waliopimwa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, 118 walikuwa nayo, yaani zaidi ya robo. Si yote yanayopitia katika maziwa. Mengine hutoka kwa kupe, mengine kwa mkojo wa panya na mifugo. Lakini 16 kati yao walikuwa na brusela. Niliposoma taarifa hiyo nilimkumbuka yule mchungaji na sindano zangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipimwa malaria na kuambiwa huna, na homa ikaendelea, mweleze mganga kama unakunywa maziwa mabichi, au kama ulimsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu. Asipokuuliza, mwambie wewe. Na usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya brusela kwa kusikia jirani anayo. Vipimo vingine vya haraka navyo hukosea, na kutumia dawa za majuma 6 bila sababu ni mzigo kwa mwili na kwa mfuko.

Kuna kifua kikuu cha ng'ombe pia. Robert Koch, mtaalamu mkubwa aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alisimama London mwaka 1901 akasema kile cha ng'ombe si hatari ya kujali kwa binadamu. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa dunia nzima, na alikosea. Tume ya Waingereza ilifanya uchunguzi kwa miaka 10, na mwaka 1911 ikathibitisha kwamba watoto wanaambukizwa kwa maziwa. Hata hivyo kuchemsha kulichelewa kuenea nchini kwao, na katika miaka ya 1930 ilikadiriwa kwamba zaidi ya watu 2,000 walikufa huko kila mwaka kwa kifua kikuu cha ng'ombe. Kifua kikuu cha namna hii mara nyingi hakianzii kifuani. Huanzia mahali maziwa yanapopita: tezi za shingo zinavimba na baadaye kupasuka na kutoa usaha, au tumbo linajaa na mtoto anakonda. Mwaka 2001 watafiti wa Tanzania waliandika kwamba walikuta kijidudu cha ng'ombe katika tezi za shingo za wagonjwa wa hapa nchini. Moja ya dawa nne za kawaida za kifua kikuu haikiwezi kijidudu hicho. Mtoto mwenye uvimbe shingoni usiopungua kwa majuma mawili au matatu aletwe hospitali, asichanjwe chale.

Kuhara nitakutaja kwa ufupi tu, maana kila mama anakufahamu. Mkia uliochafuka, mikono, ndoo, inzi: hivyo vyatosha kutia katika maziwa mabichi vijidudu vya kumharisha mtoto, hata kama ng'ombe hana ugonjwa wowote.

Sasa rudini kwenye mizani. Upande mmoja, miligramu mbili tatu za vitamini C na sehemu ndogo ya vitamini B. Upande wa pili, majuma 6 ya dawa, mimba zilizoharibika, tezi za shingo.

"LAKINI WAZEE WETU WALIKUNYWA MABICHI"

Ndiyo, walikunywa. Hata mimi nililelewa kwa hayo, na sikuugua. Ila wazee wetu walizika watoto wengi, na hawakuwa na njia ya kujua mtoto gani alikufa kwa nini. Tulio hai ndio tunaosimulia, na waliokufa wakiwa wachanga hawana wa kuwasimulia. Zaidi ya hapo, zamani boma lilikunywa maziwa ya ng'ombe wake tu. Leo muuzaji wa baiskeli anachanganya katika dumu moja maziwa ya nyumba kumi, na ng'ombe mmoja mgonjwa huwagawia wote.

Vijana waliosoma hunijia na hoja nyingine, kwamba Wazungu wenyewe wamerudi kwenye maziwa mabichi. Ni kweli kuna utafiti uliotangazwa mwaka 2011 kutoka vijiji vya Ujerumani, Austria na Uswisi, uliokuta kwamba watoto waliokunywa maziwa mabichi ya shambani walikuwa na pumu kidogo kuliko wengine. Jambo hilo linafuatiliwa na ni la kuvutia. Lakini watafiti hao hawakushauri watu wanywe maziwa mabichi, kwa sababu ya vijidudu. Na ng'ombe wa huko wamepimwa brusela na kifua kikuu kizazi baada ya kizazi. Wetu wangapi wamewahi kupimwa hata mara moja?

Wengine husema maziwa mabichi yana vimeng'enyo vya kusaidia tumbo. Kimeng'enyo cha kuvunja sukari ya maziwa hakimo katika maziwa ya ng'ombe, mabichi wala yaliyochemshwa. Mtu ambaye tumbo lake hujaa gesi akinywa maziwa atasaidiwa zaidi na mtindi, kwa sababu sukari ile imekwisha kuliwa kiasi na vijidudu vizuri vya mtindi.

KUCHEMSHA INAVYOPASA

Njia ya kiwandani ilianzia kwa Mfaransa Louis Pasteur, ambaye katika miaka ya 1860 alikuwa akishughulika na divai inayochacha, si maziwa. Mwaka 1886 Mjerumani Franz von Soxhlet alishauri itumike kwa maziwa ya watoto, na mwaka 1908 Chicago ukawa mji wa kwanza Marekani kuidai kwa sheria. Maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa mara moja. Hiyo yatosha kuua brusela na kifua kikuu. Kwa hiyo maziwa ya pakiti yaliyokaa kwenye baridi wakati wote hayahitaji kuchemshwa tena, ila pakiti ikifunguliwa iwekwe kwenye friji na itumike upesi.

Sisi wa sufuria hatuna kipimajoto, lakini tuna alama ya wazi: mchemko. Watu wa miinuko kama Njombe au Mbulu wameniuliza kama maziwa yao huchemka kweli, kwa kuwa wamesikia kwamba milimani maji huchemka mapema. Ni kweli, huko huchemka kama kwenye nyuzi 93. Bado ni juu sana ya 72.

Kosa la kawaida ni povu. Maziwa hupanda na kufurika kabla hayajachemka vizuri, na mama kwa kuogopa hasara huyaipua palepale. Punguza moto, koroga kwa mwiko hadi chini, uache yatokote dakika moja au mbili ukiwa unakoroga. Basi, inatosha. Funika, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi yapoe upesi. Utando unaotanda juu usiutupe, una protini na mafuta. Mwenye mtoto mwembamba aukorogee katika uji. Usiyaweke maziwa ya vuguvugu katika chupa ya chai kutwa nzima, kwani kuna vijidudu vinavyostahimili mchemko na kuamka katika joto la namna hiyo. Kuni ni shida, najua. Chemsha maziwa mara moja asubuhi kwenye moto uleule wa uji.

Ndoo ya kukamulia iwe ya aluminiamu au chuma cha pua. Dumu la plastiki hukwaruzika ndani, na katika mikwaruzo hiyo uchafu hautoki hata ukisugua na mchanga. Mikono na kiwele vioshwe kwa maji safi na kukaushwa.

Moto hauwezi yote. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa kwa siku atakazotaja mganga wa mifugo, kwa sababu dawa haiondoki kwa kuchemsha. Sumu ya ukungu nayo haiondoki, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa asipewe pumba wala mahindi yaliyooza. Na maziwa ya ng'ombe, hata yakichemshwa vizuri namna gani, si badala ya titi. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na mama aendelee kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto mkubwa naye asishibishwe maziwa kutwa akakosa chakula kingine, kwani maziwa yana madini ya chuma kidogo mno, na damu itapungua.

Ng'ombe akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu. Choma au fukia kwa kina kile kilichotoka, mbwa wasikifikie, na mwite afisa mifugo. Yeye atakueleza pia habari za kupima na za chanjo ya mitamba.

NA MAZIWA YA MGANDO JE?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Uchachu huzuia vijidudu vingi kukua, lakini hauviui kwa uhakika. Brusela huweza kuishi siku kadhaa katika maziwa yaliyoganda. Chemsha kwanza, acha yapoe hadi yawe ya vuguvugu yanayovumilika kwa kidole, kisha tia vijiko viwili vya mtindi kwa kila lita, funika mahali pasipo baridi usiku mzima. Ule mtindi wa mbegu lazima nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitumia mbegu ya maziwa mabichi, umerudisha kwa kijiko ulichokiondoa kwa moto. Kwa kuanza, nunua mtindi wa pakiti usio na sukari wala ladha. Wanaotumia kibuyu wasikiache: wakisuuze kwa maji yanayochemka, kisha wakifukize kwa moshi kama kawaida yao.

Yule mama kijana sikumshauri abishane na mama mkwe. Nilimwambia amwombe bibi amfundishe kugandisha kwa kibuyu chake, ila yeye mkwe ndiye achemshe maziwa kwanza, "kwa sababu ya kazi niliyopewa kliniki." Aliniomba nifike nyumbani kwao, nami nikafika siku moja nikitoka kazini. Nilimwamkia bibi, akaniitikia kwa ubaridi kidogo, akanikaribisha kigoda. Tulizungumza habari za ng'ombe kwanza, na ndipo akanieleza mwenyewe kwamba mmoja alitupa mimba msimu wa mvua. Nikamweleza habari za mchungaji wangu, pamoja na kosa langu. Hakusema kitu. Akamwita mkwe wake alete kibuyu, akatia mtindi katika kikombe, akauonja, akauonja tena. Maziwa yaliyochemshwa huganda mazito kuliko mabichi, kwa sababu ya zile protini zinazobadilika umbo. Sikuwa nimemwambia hilo. Akanitazama akasema, "Huu umeshika kuliko wangu," kisha akamwinulia mjukuu kikombe.